Pima Pua ya Tela Kabla ya Kuondoka

Mtu anayetaka kununua tela, au kwenda kwa fundi wa kuchomelea amtengenezee, huuliza kwanza kama gari lake litaliweza. Akiambiwa injini ni ya dizeli, lita tatu, ina turbo, roho inatulia. Swali hilo lina maana yake, lakini halistahili kuwa la kwanza. Gari lisilo na nguvu litakuchelewesha mlimani na kukumalizia mafuta. Tela lililopakiwa vibaya litakupindua kwenye barabara iliyonyooka, mchana kweupe, likiwa nyuma ya gari lenye nguvu tele. Uliza kwanza hivi: mkono wa tela unakandamiza kilo ngapi juu ya tufe la chuma lililoko nyuma ya gari?

Kilo hizo ndizo uzito wa pua. Uingereza, ambako familia nyingi huenda likizo zikikokota karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda, jiko na choo, mwenye karavani aliye makini hupima uzito huo kabla ya safari kama anavyopima upepo wa matairi. Huku kwetu karavani ni chache. Matela madogo ndiyo yamejaa: yanabeba mahema na vyakula nyuma ya Land Cruiser za safari, mashua za wavuvi, matangi ya maji ya ujenzi, viti na maturubai ya harusi, spika na jenereta za wapiga muziki. Waliyojifunza wenye karavani yanayahusu yote haya, kwa sababu tela lenye ekseli moja lina tabia ileile, liwe na kitanda ndani au mifuko ya saruji.

Tabia yenyewe ni hii. Tela limesimama juu ya magurudumu yake na kushikwa sehemu moja tu, mbele. Basi likikupita kwa kasi, au tairi likiingia shimoni, mkia wake unasukumwa pembeni. Kama kitovu cha uzito kiko mbele kidogo ya ekseli, matairi yenyewe yatalirudisha kwenye mstari. Litatikisika mara moja, mara mbili, litatulia. Kama kitovu hicho kiko nyuma ya ekseli, mkia unataka kutangulia. Utaenda kushoto, utarudi kulia ukiwa umezidisha, kisha kushoto tena kwa nguvu zaidi, na kila unapokwenda unaburuta makalio ya gari lako.

Kasi nayo ina sehemu yake. Kila tela na gari lake vina mwendo wao wa mpaka. Chini ya mwendo huo mtikisiko hufa wenyewe, juu yake hukua. Ukipakia vizuri, mpaka unakaa juu ya kasi ambayo hutaifikia kamwe. Ukipakia vibaya, unashuka hadi kwenye mwendo wa kawaida wa barabara kuu, na hutaujua mpaka uuvuke. Kuna onyesho moja maarufu: kigari cha mfano kimefungiwa kitela, vikawekwa juu ya mkanda unaozunguka kama ule wa mashine ya kukimbilia. Vyuma vidogo vikiwekwa mbele ya kitela, ukikisukuma kwa kidole kinayumba kidogo na kunyooka. Vyuma vilevile vikihamishiwa nyuma, kidole kilekile kinaanzisha mtikisiko unaokua mpaka unakiyumbisha na kigari chenyewe. Uzito haukuongezwa hata gramu. Umehamishwa tu.

Sasa, kilo ngapi? Waingereza wanashauri uzito wa pua uwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani ikiwa na vitu vyake vyote. Wamarekani, wenye magari makubwa na matela mazito, wanapendekeza asilimia 10 hadi 15. Tofauti hiyo isikuchanganye: magari madogo ya Ulaya hayaruhusiwi kubeba kilo nyingi nyuma, kwa hiyo karavani zao zimeundwa kulingana na hali hiyo. Kwa tela la mizigo lililotengenezwa hapa na kuvutwa na pikapu au Land Cruiser, mimi ningelenga asilimia 7 hadi 10. Tela lenye jumla ya kilo 1,000 basi likandamize kilo 70 hadi 100. Ukivuta kwa gari dogo la saluni, fuata kipimo cha Waingereza.

Asilimia hizo lakini hazikupi ruhusa ya kuvuka mipaka ya vyuma. Mtengenezaji wa gari ametaja kilo za mwisho ambazo sehemu ya kukokotea inaweza kubeba, nazo zimo kwenye kitabu cha gari. Ndoano ya kiwandani, yaani chuma kinachoshika tufe, nayo ina kibati chenye herufi S, na mbele yake kilo zake za mwisho. Kichwa cha tela kinachokaa juu ya tufe kina mpaka wake pia. Kiwango kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Kama gari linasema 100 na ndoano inasema 75, wewe ni mtu wa 75. Na kama ndoano yako haina kibati chochote, lala chini ya gari uitazame. Iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi inazungumzika. Iliyochomelewa kwenye bampa, usiiwekee tela hata la kubebea magodoro.

Wengine wakisikia habari ya pua nyepesi wanakimbilia upande wa pili na kujaza mzigo wote mbele. Nako kuna hatari. Chukua gari ambalo umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 2.7, na tufe liko mita 1.1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 100 za pua haziongezi 100 tu juu ya magurudumu ya nyuma. Zinaongeza karibu 141, kwa sababu zinainua kilo 41 kutoka magurudumu ya mbele. Hayo ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani unakuwa mwepesi, gari linakaa mkao wa mbwa aliyechuchumaa, na taa zako zinawamulika machoni wanaokuja. Kumbuka pia kwamba uzito wa pua unahesabiwa ndani ya mzigo wa gari. Kilo 100 kwenye tufe ni sawa na kupakia mtu mnene ambaye hakai kitini. Ukiwa na abiria watano na buti iliyojaa, huenda hana nafasi.

Kupima si kazi ngumu, na vifaa huenda vimo nyumbani. Tafuta sehemu tambarare na ngumu. Pakia tela kama litakavyosafiri, usipime likiwa tupu halafu ukakisia. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, liondoe kwenye gari, kisha weka mizani ya kupimia uzito wa mwili chini ya kichwa cha tela. Simamisha kipande cha mti imara juu ya mizani na ushushe kichwa juu yake, gurudumu dogo la kuegeshea likiwa limeinuliwa kabisa. Urefu wa mti uwe wa kufanya tela likae kwenye kimo kilekile linachokaa likiwa limefungwa kwenye gari, maana pua ikiinuka au kuinama, namba inabadilika. Soma, toa uzito wa mti, umemaliza.

Mizani nyingi za nyumbani hukomea kilo 150 au chini. Ukihofia kuivunja, laza ubao mgumu, mwisho mmoja juu ya tofali na mwingine juu ya mizani. Weka kichwa cha tela kwenye theluthi ya ubao, karibu na tofali. Mizani itaonyesha theluthi moja ya uzito. Zidisha kwa tatu. Usisahau kwanza kusoma uzito wa ubao peke yake na kuutoa.

Jumla ya uzito wa tela inahitaji mizani kubwa. Wanunuzi wa chuma chakavu, maghala ya mazao na viwanda vingi wanazo za kupimia magari, na ukiomba kwa adabu watakupimia kwa ada ndogo. Ukiwa hapo pima mara mbili: kwanza tela peke yake likiwa limefunguliwa, kisha likiwa limefungwa kwenye gari lakini magurudumu ya tela tu ndiyo yaliyo juu ya mizani. Tofauti ya namba hizo mbili ni uzito wa pua. Mizani ya magari haionyeshi kilo mojamoja, kwa hiyo jibu hilo litumie kuthibitisha lile la nyumbani, lisichukue nafasi yake.

Sasa tuje kwa fundi, kwani makosa mengi huanzia kwake kabla mzigo haujapakiwa. Matela mengi ya mitaani ekseli yake imewekwa katikati kabisa ya bodi. Sababu inaeleweka: linapendeza macho, na mteja anaweza kuliinua kwa mkono mmoja akalizungusha uwanjani. Anafurahi, analipa. Kumbe ule wepesi anaousifu ndio ugonjwa. Tela ambalo mtoto analiinua pua likiwa na mzigo si la kwenda nalo barabara kuu.

Mwambie fundi aisogeze ekseli nyuma. Tuseme bodi ina urefu wa mita 2.4 na mkono unatokeza mita 1.2 mbele yake. Ekseli ikiwa sentimita 20 nyuma ya katikati ya bodi, umbali kutoka ekseli hadi tufe ni mita 2.6. Tela na mzigo vikiwa kilo 1,000 zilizotandazwa sawasawa, pua itakandamiza 1,000 mara 0.2 gawa kwa 2.6, yaani kilo 77 hivi. Ukisogeza sentimita 25, unapata 94. Hizo sentimita tano zinaonyesha kwa nini kazi hii inataka futi kamba na haifai kukadiriwa kwa jicho. Usibane pia urefu wa mkono ili kuokoa chuma. Mkono mrefu unatuliza tela na unarahisisha kurudi kinyumenyume. Na kama uzito wake pamoja na mzigo utazidi kilo 750, lidai breki zake lenyewe. Uingereza tela la kupita uzito huo haliruhusiwi barabarani bila breki, na hata lililo chini yake, kama halina breki, halipaswi kuzidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Ni kanuni ya busara, askari awe anaiangalia au haiangalii.

Kwenye kupakia, hesabu moja inatosha kwa maisha yako yote: chukua kilo za kitu, zidisha kwa umbali wake kutoka ekseli, gawa kwa umbali wa ekseli hadi tufe. Kikiwa mbele ya ekseli, jibu linaongezeka kwenye pua. Kikiwa nyuma, linapungua. Jenereta ya kilo 60 kwenye tela letu la juu, ikihamishwa kutoka sentimita 80 nyuma ya ekseli hadi sentimita 80 mbele yake, inabadilisha pua kwa kilo 37. Karavani yenye mita 4 kutoka ekseli hadi tufe, ukiifungia baiskeli za kilo 30 mita 3 nyuma ya ekseli, inapoteza kilo 22 na nusu. Mwenye karavani aliyekuwa na 75 anabaki na 52 na nusu, na hakuna alichohisi alipokuwa akikaza kamba.

Lakini pua inaweza kusoma namba nzuri na tela likawa bado baya. Kuna anayeweka jenereta mkiani, akaona pua imepungua, akatupa mifuko miwili ya saruji mbele kabisa ili kusawazisha. Mizani inamsifu. Njiani atajua. Muuza maji mwenye mzegazega, ndoo moja kila ncha ya mti, akianza kugeuka ndoo hazitaki kuanza, na akitaka kusimama hazitaki kusimama. Ndivyo linavyokuwa tela lenye uzito kwenye ncha zote mbili: upepo ukishalianzisha, kulituliza ni shida. Vitu vizito viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, sakafuni, na vikazwe kwa mikanda visihame. Vya wastani vizunguke hapo. Mbele kabisa, nyuma kabisa na juu pawe pa magodoro, mahema, nguo na vyungu vitupu. Pima pia kwa jicho kushoto na kulia. Ubavu ulioelemewa unachosha springi na kuchemsha tairi la upande huo.

Maji yana ujanja wake. Lita moja ni kilo moja, na dumu la lita 20 ni kilo 20, hilo ni rahisi. Tatizo ni tangi lililojaa nusu: maji yanakimbilia nyuma unapopanda, yanarudi mbele unapofunga breki, yanapiga ubavu kwenye kona, na uzito wa pua ulioupima uwanjani umekwisha habari zake. Tangi la kusafirishwa liwe limejaa au tupu, na la kubeba maji kila siku liwe na vizuizi ndani. Mtungi wa gesi ya kilo 15 ukijaa hukaribia kilo 30, kwa kuwa chuma chenyewe kina uzito. Uhesabu hivyo, ukae wima, na ufungwe.

Likishafungwa kwenye gari, rudi nyuma hatua kumi utazame kutoka ubavuni. Tela likae sawa na ardhi au liiname mbele kidogo tu. Pua ikielekea juu, tufe liko juu mno kwa tela hilo. Tatizo hili ni la kawaida kwa magari yaliyoinuliwa springi. Ulaya, katikati ya tufe hupaswa kuwa kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo, ingawa magari ya porini yameachiwa uhuru. Dawa ni kushusha tufe kwa kipande kilichoundwa kwa kazi hiyo au kurekebisha springi za tela. Kujaza mzigo mbele ili pua ishuke si dawa.

Matairi sitayasema kwa kirefu. Soma namba ya uwezo wa kubeba iliyoandikwa ubavuni: 91 ni kilo 615 kwa tairi, 100 ni kilo 800, 104 ni 900. Soma pia tarakimu nne za tarehe. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tela huzeeka kabla ya kuisha, kwa kuwa linasimama juani miezi kadhaa, na wenye karavani wa Uingereza wanaambiwa wasilipeleke zaidi ya miaka saba hata likiwa na kashata nzima. Lililotolewa kwenye gari kwa uzee usilihamishie kwenye tela kama vile tela halina roho za watu mbele yake. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50 za kwanza.

Barabarani, mwendo ndio breki ya mapema. Ujerumani gari lenye tela hupewa kilomita 80 kwa saa, na 100 kwa lile tu lililokaguliwa na kubandikwa kibali. Sioni sababu ya sisi, wenye barabara finyu na mabasi yenye haraka, kuzidi 80 kwenye lami, na changarawe inataka chini ya hapo. Basi linapokupita, upepo wake hukusukuma kwanza kisha hukuvuta. Ukiliona kwenye kioo, punguza mafuta kidogo kabla halijakufikia, shika usukani kwa mikono miwili, lipe nafasi. Kwenye mteremko kama Kitonga mkoani Iringa, au ule wa kuelekea Mai Mahiu nchini Kenya, ingia ukiwa tayari na gia ndogo na mwendo wa chini. Tela linalosukuma kutoka nyuma kwenye kona ya mteremko halisubiri utafute gia.

Na likianza kutikisa mkia? Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha gari lipungue lenyewe. Usifukuze mkia kwa kuzungusha usukani huku na huku, maana utakuwa unauchochea. Usikanyage breki kwa nguvu. Usisikilize ushauri mkongwe wa kuongeza mafuta ili ulinyooshe. Mwendo ndio uliolianzisha. Kama tela lina breki za umeme zenye kidude cha kubonyeza kwa mkono, zibonyeze peke yake, polepole. Ukishatulia, egesha mahali salama upakie upya. Kuendelea kwa mwendo mdogo ukijipa moyo kwamba limepoa ni kuahirisha tu. Vifaa vya kubana kichwa cha tela visiyumbe, kama vile vya AL-KO vilivyoenea kwenye karavani za Ulaya, vinasaidia tela lililopakiwa vizuri liwe bora zaidi. Havimwokoi aliyepakia vibaya, vinamchelewesha kujua.

Kwa msomaji aliyeko Uingereza: tangu Desemba 2021, aliyefaulu mtihani wa udereva kuanzia mwaka 1997 huko England, Scotland na Wales anaweza kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Sheria imekuondolea mtihani, haikukupa ujuzi. Anza na karavani isiyozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lako, kama wanavyoshauriwa wageni wa kazi hiyo.

Jambo la mwisho ni la brashi na rangi. Tela huazimwa: kwa shemeji, kwa jirani, kwa kanisa, kwa timu ya mpira. Ukishapima, andika juu ya mkono wake, kwa rangi isiyofutika na herufi kubwa, uzito wa mwisho wa tela, kilo za pua na upepo wa matairi. Kisha mpe anayeliazima mizani pamoja na ufunguo, na mwambie hatoki uwanjani kwako kabla hajapima.